Chetezo Kwenye Kituo cha Petroli

Maneno haya nayaandika kwa mkono wa kulia. Nalisema hilo kwanza kwa sababu siwezi kulinyamazia, nimekaa miaka miwili nikingoja kulisema. Kalamu imekaa hapa kati ya kidole gumba na vidole viwili, inakwaruza na kuteleza, na herufi zangu zimelala ubavu kama watu walioshiba pilau, lakini zinasomeka. Mwalimu wa darasa la watu wazima, hili lililofunguliwa Msambweni baada ya uhuru, amesema zinasomeka, naye si mtu wa kusifu ovyo.

Lakini kuandika si kazi yangu. Mimi Mwanamisi ni mpambaji wa maharusi, binti wa mpambaji na mjukuu wa mpambaji. Nachora hina na piko, ile rangi nyeusi, kwa ncha ya chelewa, ule uti mwembamba wa ukuti wa mnazi, na piko haina huruma na mkono unaotetemeka. Herufi ikipinda husomeka tu. Jani la piko likipinda kwenye kiganja cha bibi harusi, wanawake wa mji mzima wataliona mpaka rangi ifutike. Basi wewe unayesoma haya ukiwa umefungwa bendeji, au unamuuguza aliyefungwa, ujue tangu sasa swali lililoninyima raha. Sikuuliza kama nitapona. Niliuliza kama vidole hivi vitashika tena chelewa. Jibu ninalo, nawe usiruke mistari kulitafuta.

Ilikuwa mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani na mwezi wa harusi, mwaka wa pili tangu bendera yetu ipandishwe. Joto la mwisho wa kaskazi lilikuwa halijakatika. Mume wangu Omari ni fundi wa baiskeli, na mwaka huo alikuwa amepata pikipiki kutoka kwa Mzungu mmoja wa shamba la miwa aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Ilikuja imekufa. Omari aliifungua yote sakafuni juu ya mkeka wa mavyaa yangu, yaani mama yake, akaiunganisha tena, ikawaka, na mavyaa yangu akausamehe mkeka lakini pikipiki hakuisamehe. Aliiita punda wa Mzungu. Mimi niliipenda siku ile ile. Nilikaa nyuma upande upande, miguu pamoja, buibui nimelibana chini ya mapaja, na barabara ya Msambweni kwenda Ukunda nikaiona fupi kwa mara ya kwanza maishani.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Diani kumpamba Mwanaidi, binti wa mama yangu mdogo. Nilifurahi mpaka nikawa mpumbavu, na siwezi kulisema kwa upole zaidi. Mwanaidi nilimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, na sasa ninakwenda kumchora mikono yake yote miwili mpaka kwenye viwiko. Nilijifukiza udi tangu alfajiri, nguo zangu, nywele zangu, buibui langu. Kisha nikatengeneza kikapu changu cha ukindu: kopo la piko, hina iliyokandwa, fungu la chelewa, vipande vya udi, na chetezo cha kuufukizia.

Hapa ndipo penye kosa, nami nataka ulione wazi. Mama yangu alinifundisha kuwa mpambaji haombi moto nyumbani kwa bibi harusi. Akiomba moto, ndoa itaanza na ombi, na nyumba ile itakuwa ya kuombaomba. Kwa hiyo mama yangu, na mama yake kabla yake, walichukua makaa mekundu jikoni kwao, wakayalaza ndani ya chetezo, wakayafunika jivu mpaka yasionekane, wakafunika na kifuniko. Yakifika kwenye harusi hufukuliwa, hupulizwa, na udi huanza kufuka bila mtu kuombwa chochote. Wao walikwenda kwa miguu, nyumba ya tatu au mtaa wa pili, na mama alikibeba chetezo chake hivyo miaka yote bila kuunguza hata kanga. Mimi nilikiweka mapajani juu ya pikipiki. Omari alikiona kikapu, hakuona ndani yake, na hakuuliza, maana mambo ya wanawake na udi wao si ya kuulizwa na fundi wa baiskeli.

Tulipokaribia Ukunda, Omari akatikisa tangi, akasema petroli haitatufikisha na kuturudisha. Kilikuwako kituo kimoja pale, pampu moja ya kuzungusha kwa mkono, na mwenye kuizungusha alikuwa Mwero, Mduruma wa upande wa Kinango, mtu mzima mpole mwenye kofia ya ukindu. Tulimjua kwa salamu tu. Alikuja akifuta mikono, akaiangalia pikipiki, akaniangalia mimi niliyekaa juu yake kama sanduku la mahari.

"Shukeni kwanza," akasema. "Bwana, na wewe dada. Injini ipoe kidogo, ndipo nitie."

Omari alizima injini, akainua mguu ashuke. Mimi nikamshika bega. Kushuka kungekuwa kufungua buibui, kutua kikapu, kupanda tena, kujipanga upya, na jua lilikuwa limeshapita adhuhuri na Mwanaidi ananingoja ameketi juu ya kitanda. Basi nikamwambia yule bwana kwa utani kwamba mpambaji akishapanda chombo hashuki mpaka mlango wa bibi harusi, au labda kwao Kinango wanapamba mbuzi tu, ndiyo maana hajui. Omari akacheka. Mwero naye alicheka, na kwa kucheka akanitii. Akafungua tangi, Omari bado yuko kitini, miguu chini, ameishika pikipiki isilale kwa uzito wangu. Ijaze mpaka juu, Omari akamwambia. Mwero akazungusha.

Petroli ilifurika. Ilikuwa kidogo, kama maji yanayomwagika kikombeni, ikateremka ubavuni mwa tangi mpaka kwenye injini iliyokuwa bado moto. Nilisikia ule mlio wa tone juu ya kikaango. Nikanusa ile harufu kali, nikainamia kikapu changu kukisogeza, nisije nikaiharibu hina kwa petroli. Nilipokisogeza, kifuniko cha chetezo kikacheza.

Sikuona mwali ukianza. Niliona mapaja yangu yameng'aa. Kikapu kilikuwa mikononi mwangu kinawaka, na kati yangu na mgongo wa mume wangu hapakuwa na nafasi ya kupita mkono. Nilikikumbatia kwa mkono wa kulia, nikajitupa nacho nyuma. Watu waliniita shujaa baadaye, na mimi niliwaacha waniite. Nitakueleza kwa nini lilikuwa jambo la aibu.

Mwero alifunga pampu kwanza. Nilimwona kwa macho yangu mimi nikiungua, naye anageuza kufuli la pampu, na kwa wiki nyingi nilimchukia kwa hilo, mpaka nilipofahamu kwamba asingeifunga tusingebaki sisi wala Ukunda. Kisha akaja na gunia la mchanga, akanilalia nalo. Mkono wake wa kushoto uliungua hapo. Mwanamke wa duka la jirani alikuja mbio na kopo la samli anipake, kwa nia njema kabisa, na Mwero akamzuia. Akachukua debe la maji, akanimwagia mkono na paja, akajaza tena na kumwagia tena, hakuacha mpaka lilipopatikana lori la nazi lililokuwa likielekea Msambweni. Daktari alisema baadaye kwamba maji yale yaliniachia nyama ambayo samli ingeipika. Hilo lishike, hata kama utasahau mengine yote.

Omari hakuungua ila nywele za mkononi. Mimi niliungua mkono wa kulia kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, na paja la kulia. Mwanaidi aliolewa siku ile ile, akachorwa na jirani yao.

Masika ya mwaka ule niliyasikiliza nimelala. Mvua juu ya mabati ya wodi ilipiga siku nzima, na mimi nilihesabu siku kwa bendeji. Kila siku ya pili zilibadilishwa. Ziligandana na nyama, zikalowekwa kwa maji ya chumvi, zikabanduliwa taratibu, na bado kila ubanduaji ulikuwa na kilio chake. Anayebandua alikuwa Sista Wambui, msichana wa bara, mwenye mikono mikubwa na sauti ya juu. Hakuamkia wakubwa shikamoo, alisema habari tu kwa kila mtu, mpaka mavyaa yangu akaapa kwamba msichana yule hakufundwa. Lakini alikuwa na tabia moja: kabla ya kubandua alinieleza atavuta mara ngapi, na akisema mara nne hakuvuta ya tano. Ukipata muuguzi wa namna hiyo mshukuru Mungu. Maumivu yenye mwisho unaojulikana yanavumilika.

Mwili wangu sikuujua. Mkono ulivimba, ukapungua, ukawa na rangi ya waridi kama mguu wa njiwa, kisha madoadoa. Vinyweleo havikuota tena. Paja lilipona lenyewe, lakini mkono ulianza kuwasha ndani kwa ndani, mahali kucha isipofika, nikawa nausugua ukutani kama ng'ombe. Hayo nayaeleza kwa sababu hakuna aliyeniambia, nikadhani ninaoza. Kuwasha ni ngozi mpya inayobisha hodi.

Aibu yangu kubwa ilikuwa chakula. Nisingeweza kula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto tangu utotoni nimefunzwa kazi yake, nayo si kula. Basi mavyaa yangu, mwanamke aliyenilaumu kwa kupanda punda wa Mzungu, alikuja kila siku mchana na sahani, akanitilia tonge kinywani moja moja. Alinilaumu huku akinilisha. Tonge, lawama, tonge, maji. Sijapata kulishwa vizuri hivyo.

Lawama zake nyingi hazikuwa zangu lakini, zilikuwa za mwanawe. Kila mtu alisema ni pikipiki. Omari mwenyewe alisema hivyo, waziwazi, kwa kila aliyekuja kunipa pole: injini ilikuwa moto, sikushuka, nimemuunguza mke wangu. Aliifungia ile pikipiki chumba cha uani, akaitia kufuli. Alikonda kuliko mimi. Na mimi niliyelala nikiitwa shujaa nilijua jambo ambalo hakuna mwingine alilijua. Injini iliipasha petroli ile tu, na makaa ya kuiwasha yalikuwa yangu.

Nilinyamaza masika yote. Nilijiambia nina maumivu ya kutosha. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humfichua, na maradhi yangu wakati huo hayakuwa ya mkono. Nataka kukwambia, mgonjwa mwenzangu, kwamba ukiungua kwa kosa lako mwenyewe utakuwa na vidonda viwili, na kile cha pili daktari hatakiuliza.

Kilichonifungua mdomo ni habari ya Mwero. Siku moja Omari aliketi ukingoni mwa kitanda changu, akasema mwenye kituo anataka kumwondoa Mwero kazini kwa kumtilia petroli mtu aliyekaa juu ya chombo, na kesho atampa jibu. Alisema kama mtu anayesoma hesabu ya dhambi zake mwenyewe. Nikamtazama mume wangu, shingo yake ilivyokuwa imeingia mabegani.

"Baba Saumu," nikamwambia, nikimwita kwa jina la binti yetu, "chetezo kilikuwa na moto."

Hakufahamu. Nikarudia.

"Nilitia makaa chini ya jivu. Hivyo ndivyo afanyavyo mama. Niliyapakata tangu nyumbani."

Mvua iliendelea kupiga mabati. Kisha akaniuliza, "Mangapi?"

"Matatu."

Akainamisha kichwa juu ya godoro langu, akacheka, au alilia, mpaka leo sijui na sijamuuliza. Alipoinua uso mabega yalikuwa yamerudi mahali pake. Akatoka bila mwavuli, akaenda Ukunda siku ile ile kusema.

Juma lile Mwero alikuja wodini, kofia mkononi, kiganja cha kushoto kimefungwa chachi. Alikuwa amebaki kazini. Alileta ukwaju wa kwao, umefungwa kwa gazeti. Nilimwomba radhi kwa utani wa mbuzi, nikamwomba radhi kwa kutoshuka, nikamwomba radhi kwa moto. Alisikiliza yote, kisha akasema jambo lililonishangaza kuliko yote.

"Mimi nilisikia harufu ya udi," akasema. "Ulipofika tu niliisikia. Nikajiambia, hawa wanawake wa pwani na nguo zao. Sikuuliza."

Ndivyo tulivyo watu wa huku. Mahali pengine mtu akinusa moshi pembeni mwa pampu atakimbia. Kwetu moshi mzuri ni heshima, hauulizwi. Mimi nilinukia moto, na mtu mwerevu mwenye macho yake akadhani nimejipamba. Tulitazamana, Mduruma na Mdigo, mkono wake wa kushoto na wangu wa kulia yote imefungwa bendeji nyeupe, tukaanza kucheka mpaka Sista Wambui akaja kutunyamazisha.

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kupona, na nasema hivyo kwa furaha ingawa mabaya yalikuwa bado mbele. Kusi lilipokolea, ngozi ya mkono ilianza kukaza. Vidole viliinama kila siku kidogo, vikaelekea kiganjani kama ua linalofumba jioni, na kila asubuhi nilivikuta chini kuliko jana. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba vikiachwa vitakuwa ngumi. Nilipelekwa Mombasa, tukavuka Likoni, nikakatwa ile ngozi iliyokaza na kupandikizwa nyingine iliyotolewa kwenye paja la kushoto, lile zima. Nilirudi na majeraha mawili mapya na mkono uliofungwa kwenye kibao, vidole vimenyooshwa kama ninaapa.

Halafu likaja benchi. Hakuna mtu anayekuhadithia benchi. Vuli nzima, msimu wote wa korosho, nilikuwa nikifika mapema na kuketi kwenye benchi refu la kungojea, nje ya chumba cha bendeji, na wenzangu walikuwa wale wale. Tulijuana kwa viungo. Mimi niliitwa Mkono. Alikuwako Goti, na Jicho, na bibi mmoja wa Vanga aliyeitwa Kisigino, ambaye alikuwa na maneno kuliko redio. Alikuwa akija na korosho za kukaanga, na yeyote atakayelia chumbani hupewa mbili akitoka. Mimi nilikula nyingi. Ukingojea peke yako utajihesabu uliyepotea, kwa hiyo sogea kwenye benchi, uliza jina, pokea korosho.

Kibao kilipotolewa, Sista Wambui alikishika kidole changu cha shahada, akakikunja, akakinyoosha, machozi yakanitoka.

"Wewe mama, hii mkono nataka ifunguke yote," akasema. "Si kwangu. Hapa ni mara moja kwa wiki. Nyumbani, kila siku. Iko kazi gani ya vidole nyumbani?"

Kabla sijajibu, mavyaa yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni amebana midomo, akasema iko kazi ya unga. Na kesho yake akaniwekea sinia mapajani. Nikakanda. Nilikanda unga wa chapati mpaka nikauchukia, kwa maji ya vuguvugu, nikiubonyeza kwa kila kidole peke yake, naye ameketi mbele yangu akihesabu. Nyumba yetu ilikula chapati nyingi mwaka ule kuliko nyumba ya kadhi. Siku ambazo nilisema basi, inauma, hakunijibu. Aliongeza unga. Na siku moja nilimkuta hospitalini amempelekea Sista Wambui chapati kumi ndani ya kitambaa, yule msichana ambaye hakufundwa, na Sista akamwambia, "Shikamoo, mama." Mavyaa yangu aliipokea salamu ile kama mtu aliyeshinda kesi.

Ramadhani ikaingia. Jioni ya kwanza, tumeketi kuzunguka sinia, adhana ikalia, kila mtu akanyoosha mkono, nami nikanyoosha wa kulia. Nilikichukua kidole gumba, nikakileta mpaka kwenye cha shahada, polepole, na katikati yavyo ilikuwako tende. Nikaiinua. Ilitetemeka njia nzima, ikafika. Binti yangu Saumu aliisahau futari yake, akabaki ananitazama, na Omari akainuka akaenda uani kwa sababu ambayo hakuisema. Nilikula tende ile kwa muda mrefu kuliko tende yoyote iliyowahi kuliwa Msambweni.

Lakini tende ni nene na chelewa ni nyembamba. Mwaka wa pili wote nilijaribu chelewa juu ya jani la mgomba, kwa maji ya mkaa badala ya piko, nisiipoteze piko bure. Mstari ulikatika, ukavimba, ukaruka. Nilichana majani ya migomba ya jirani mpaka akalalamika. Kuna siku nilizitupa chelewa zote kwenye moto wa jikoni, nikasema kazi ya mama yangu imekufa nami. Mavyaa yangu alikuwa akichambua mchicha. Akasema kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi, akainuka, akaenda uani, akavunja ukuti mwingine akanichongea fungu jipya, kwa kisu cha mchicha. Zilikuwa mbovu, nene huku na nyembamba kule. Nilizichonga upya mwenyewe, kwa mkono wa kulia, na nilipokuwa nikizichonga nikagundua ninachonga.

Mwezi uliopita Mwanaidi alituma habari. Amejifungua mtoto wa kike, na arobaini inakaribia. Alisema hatatia hina mkononi kwa ajili ya arobaini ila nimtie mimi. Alikwisha kuolewa kwa mistari ya mtu mwingine, akasema, na mara moja yatosha. Nilimtumia jibu kwamba sijui kama naweza. Akajibu kwamba yeye ana viganja viwili, nikiharibu kimoja nitakuwa na kingine.

Nikamwambia Omari afungue kufuli la chumba cha uani. Alisema hapana, tutatafuta njia nyingine. Nikamwambia sitaki kuogopa chuma maisha yangu yote, nataka kuogopa kile kinachostahili kuogopwa. Alikaa siku nne akiisafisha ile pikipiki. Mavyaa yangu alitazama kwa mbali, akasema tu kwamba punda huyu ameshafundishwa adabu, na wenyewe pia.

Nilijifukiza udi alfajiri ile, kama zamani. Nilitengeneza kikapu: piko, hina, chelewa, vipande vya udi, chetezo. Omari alisimama akaniangalia nikikitia jivu.

Ukunda, pampu ilikuwa ile ile. Kabla Omari hajazima injini nilikuwa nimeshateremka. Nilifungua buibui, nikachukua kikapu changu chote, nikavuka barabara mpaka mbele ya duka la yule mwanamke wa samli, nikasimama pale juani, nguo zangu zimekunjamana, sijali. Omari naye alishuka, akaiegemeza pikipiki kwenye stendi yake ya chuma, akasogea mbali nayo, akangoja injini ipoe. Mwero hakulichukua bomba. Aliiacha pampu imefungwa, akavuka barabara, akaja mpaka niliposimama, akaniamkia, nikamwitikia. Akanusa hewa, na safari hii hakucheka.

"Dada," akasema, "nipe hicho chetezo."

Nikampa. Alikiweka chini, akaondoa kifuniko, akaingiza mkono wake wa kushoto, wenye kovu la moto wangu, ndani ya jivu mpaka chini kabisa. Akalipekua huku na huku. Nilisimama nikiufuata mkono ule kwa macho, ingawa nilijua kilichomo.

"Baridi," akasema. Akajipangusa jivu kwenye suruali, akarudi, ndipo akafungua tangi. Hakujaza mpaka juu.

Diani walitupokea kwa vigelegele. Mwanaidi alikuwa ameketi juu ya kitanda, mtoto kifuani, na chumba kimejaa wanawake wazima wanaojua kazi ya mama yangu na ya bibi yangu, na wanaojua pia kisa changu. Niliketi. Nilikitoa chetezo, nikakiweka mbele yangu, nikakifungua wakaliona jivu lililokufa. Nikasema kwa sauti wote wanisikie, neno ambalo hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyewahi kulisema kwenye nyumba ya kupamba.

"Naomba moto."

Mama yangu mdogo, mwenye nyumba, alinitazama, akakitazama chetezo. Kisha akainuka mwenyewe, akaenda jikoni, akarudi na makaa mekundu juu ya koleo, akayamimina chetezoni na kuyapulizia. Udi ukafuka. Mwanaidi akamkabidhi mtoto kwa jirani, akanipa kiganja chake cha kulia, nami nikakishika kwa mkono wa kushoto, nikachovya chelewa kwenye piko kwa ule wa kulia. Ilitetemeka. Nikangoja. Sikuiharakisha. Ilipotulia nikaiweka ngozini, na jani la kwanza likatoka, ncha yake nyembamba, shina lake limenyooka.